Bata Chini ya Kiti cha Nyuma

Leonard Pruski alitumia miaka thelathini na mmoja ya uhai wake kufunga viti vya nyuma vya magari. Si viti vya mbele. Vya mbele vilikuwa na watu wao, wenye maringo. Yeye alikuwa wa viti vya nyuma, vile vinavyokaliwa na mama wakwe, watoto wanaotapika na mbwa. Kiti kilikuja kikining'inia kwenye mnyororo, Leonard akakidaka ubavu wa kulia, Rollie Dembeck akakidaka ubavu wa kushoto, wakakitumbukiza ndani ya gari na kukikandamiza kwa goti, tak-tak, haya, linalofuata. Sekunde hamsini na nne. Ukizidisha hizo kwa miaka, ukatoa likizo, migomo na siku za kusingizia homa, utaona kwamba mtu huyu amepiga goti mara nyingi kuliko padri yeyote wa jimbo letu la Michigan, na bado hajaahidiwa mbingu.

Gari lenyewe liliitwa Lakemont. Lilikuwa saluni kubwa ya familia, refu kama dhambi, pana kiasi kwamba watu watatu wa Dunmore waliweza kukaa nyuma bila kugusana, na watu wa Dunmore si wembamba. Lilipita juu ya shimo la barabarani kama mtu mzima anavyopita juu ya tusi la mtoto. Halafu Wamarekani wakaamua kwamba hawataki tena kukaa, wanataka kupanda. Wakaanza kununua magari marefu kwenda juu, yenye magurudumu ya trekta, ya kwendea kununua maziwa. Kiwanda kikafungwa. Leonard akapewa saa ya mkononi na keki yenye jina lake lililokosewa herufi, akaenda nyumbani.

Huenda angemalizia siku zake na pikapu yake bila manung'uniko, kama si mgongo wa Bernadine.

Bernadine ni mkewe. Oktoba daktari alimtia vyuma viwili kwenye uti wa mgongo, akamwambia anaweza kwenda popote duniani mradi asirushwerushwe. Sasa, kupanda pikapu ya Leonard ni kama kupanda farasi, na kushuka ni kama kuangushwa na farasi huyohuyo. Gari la binti yao ni dogo, gumu, linahesabu kila kokoto na kukuletea taarifa kiunoni. Na Bernadine alikuwa na safari. Dada yake pacha, Florentyna, anaishi Tennessee, maili mia sita kusini, na Jumamosi Kuu ya mwaka huu pacha hao walikuwa wanatimiza miaka sabini. Walipishana dakika kumi na moja kuzaliwa, na tangu hapo hawajawahi kukata keki mbili.

"Ndege sipandi," Bernadine alisema mezani. "Viti vya ndege vilibuniwa na mtu aliyeachwa na mkewe."

"Nani kasema ndege?"

"Na nikifika kwa Florentyna nimepinda kama ndoana, atalia. Akilia nami nitalia. Tutakata keki ya chumvi. Nataka nishuke garini mwenyewe, Leonard, nitembee mpaka mlangoni, bila kushikwa mkono."

"Utashuka."

"Kutoka gari gani?"

"Lakemont," alisema Leonard, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake.

Lakemont nzuri haitangazwi gazetini. Inarithiwa. Dunmore mtu mzima akifariki, watu hufika kwenye maziko mapema kidogo, na kabla hawajaenda kumtazama marehemu huzunguka nyuma ya kanisa kutazama aliendesha nini. Wakati wa chakula cha matanga, baina ya kabichi na soseji, utasikia mtu anamshika mjane bega: "Pole sana, dada. Alikuwa mtu mwema. Na lile gari, lina maili ngapi?" Leonard alihudhuria maziko manne mwezi Februari. Gari la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na mpwa. La pili lilikuwa na paka waliozaa ndani. Kwenye maziko ya tatu, marehemu alikuwa na pikipiki, jambo lililoeleza kwa nini ni marehemu. Kwenye ya nne, mjane alimwangalia juu mpaka chini akamwambia, "Leonard, ukiniuliza kuhusu gari nitakupiga na hii sahani."

Ndipo Rollie akapiga simu.

Lazima nieleze Rollie alikuwa nani, kwa sababu ukimwita rafiki tu utakuwa umempunja. Kwa miaka ishirini na miwili waliangaliana kupitia ndani ya magari, mmoja mlango wa kulia, mwingine wa kushoto. Leonard alijua Rollie amekula nini kabla mke wa Rollie hajajua. Walikuwa wabia kwenye karata kila Jumanne, na katika karata zetu mbia ndiye mtu pekee unayemwamini gizani, kwa maana karata zake huzioni. Baada ya kiwanda, Rollie alijenga banda kubwa la mabati nyuma ya nyumba akaanza kununua magari mabovu na kuyauza mazima, au angalau kuyauza.

"Kaka," Rollie alisema simuni. "Kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Nimepata Lakemont. Rangi ya divai. La shangazi wa mke wangu. Marehemu."

"Marehemu wa wapi?"

Rollie akalitoa neno polepole, kama mtu anayefungua sanduku la pete.

"Florida."

Hapa kwetu kuanzia Novemba serikali humwaga chumvi barabarani ili tusiteleze, na chumvi hiyo hula magari kutoka chini, kimyakimya, kama mchwa kwenye mwimo wa mlango. Juu gari linang'aa, chini ni chujio la chai. Ndiyo maana neno tamu kuliko yote kinywani mwa muuza gari wa Michigan ni Florida. Wazee wetu huenda kule kuota jua na kufa, na magari yao hurudi yakiwa na hali nzuri kuliko wenyewe.

Leonard alikwenda bandani Jumamosi asubuhi akiwa na tochi, na mfukoni sumaku, ile ndogo ya mlango wa friji yenye umbo la nyanya. Sumaku ndiyo kiapo cha mnunuzi wa huku: unaipitisha kwenye mwili wa gari, na pale isiponata ujue hapo chuma kimekwisha, kilichobaki ni puti na rangi na maneno matupu.

Rollie aliiona mara moja.

"Ni nini hicho?"

"Nyanya."

"Umekuja kwangu na sumaku? Kwangu? Leonard, mimi nilishika miguu yako ulipokuwa unatapika kwenye harusi yako."

"Ulishika kichwa."

"Nilishika kote! Haya, endelea. Pima. Ukimaliza gari nipime na mimi, pengine nina puti."

Leonard akacheka kwa aibu. Hata hivyo akainama kuelekea kioo cha mbele, pale pembeni panaposomeka namba ya chesisi, kwa sababu mkono wa mazoea hauna adabu. Rollie akamwita upesi kutoka nyuma.

"Acha huko. Njoo huku nikuonyeshe kitu. Sikutaka kukuambia kwenye simu."

Akafungua mlango wa nyuma, akapiga kiti ngumi mbili mahali panapostahili, akakinyanyua. Pale chini, juu ya bati jeupe, kwa kalamu ya nta ya njano, palikuwa na bata.

Hakuna ajuaye kwa nini bata. Leonard mwenyewe hajui. Ila kwa miaka yote ile kiwandani, siku ambazo alikuwa na furaha, na hazikuwa nyingi, alichora bata mdogo mwenye kofia kwenye sakafu ya gari, kisha akamfunika na kiti. Msimamizi aliwahi kumwona mmoja, akatangaza vita. Kwa miaka miwili alimtafuta mwenye bata. Alitisha, aliahidi siku za mapumziko, alikata posho ya zamu nzima. Watu mia mbili walijua ni nani, na watu mia mbili walimwambia hawajawahi kuona bata maishani mwao, ni mnyama wa aina gani huyo, anafugwa? Leonard hajawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Saa ya mkononi ilikuwa takataka.

Sasa alisimama kwenye banda la mabati akimtazama bata wake, na macho yakamlowa.

"Hili nimelifunga mimi," alisema.

"Sisi," alisema Rollie kwa upole. "Tumelifunga sisi, kaka."

Sumaku ilibaki mfukoni. Leonard alilipa dola elfu sita na mia nne taslimu, akatia saini karatasi ambayo hakuisoma, akarudi nyumbani kwa mwendo wa arusi.

Bernadine alitoka na fimbo yake. Alifungua mlango wa nyuma, akageuza makalio taratibu kama daktari alivyomfundisha, akajishusha. Akakaa. Akafumba macho. Leonard alikuwa amesimama kwenye theluji iliyooza akisubiri hukumu.

"Sema kitu."

"Ngoja. Mgongo bado unatafuta cha kulalamikia."

Karibu wiki mbili Leonard alikuwa mtu wa kutazamwa. Alilipeleka gari kanisani, dukani, na Ijumaa akalipeleka ukumbi wa chama cha wafanyakazi, ambako Kwaresima nzima tunakaanga samaki na kumshukuru Mungu kwa kutunyima nyama. Mlangoni pa uwanja wa ukumbi kuna kibao kinachosema magari ya kigeni yaegeshwe nyuma, kando ya mapipa ya taka. Leonard aliegesha mbele kabisa, chini ya bendera. Akamweleza kila aliyesimama kuhusu Florida. Kuhusu bata hakusema neno, maana bata alikuwa siri ya watu waliokuwepo, na waliokuwepo, alidhani, hawakuhitaji kuambiwa.

Wiki mbili kabla ya Pasaka akalipeleka kwa fundi kubadilishiwa oili ya safari.

Fundi ni Marisol Quintero, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye gereji aliirithi kwa baba yake, na ulimi kwa mama yake. Alilinyanyua gari juu kwa mtambo, akaingia chini na taa. Leonard akasubiri kwenye kiti cha plastiki, akinywa kahawa ambayo Marisol huitoa bure kwa sababu hakuna jinsi ya kuiuza.

"Mzee Pruski," sauti ikaja kutoka chini. "Nani alikuuzia hili?"

"Mtu wangu."

"Adui wako?"

"Nimesema mtu wangu. La Florida hilo."

"Njoo uone Florida."

Leonard akaenda akiwa na tabasamu la mtu anayejua zaidi. Chini ya gari palikuwa peusi tii, pametakata, panang'aa. Marisol akachukua bisibisi. Hakuchoma kwa nguvu. Aliegemeza tu, kama unavyoegemeza kijiko kwenye uji ulioganda. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomoa, vikamwagika vipande vya kahawia mfano wa majani ya chai.

"Hii rangi nyeusi ni ya mwezi uliopita. Bado inanuka. Hapa ndipo injini inaposhikiliwa. Hapa ndipo magurudumu ya nyuma yanaposhikiliwa. Yaani, yaliposhikiliwa. Kwa sasa yapo kwa hisani yao. Mzee, gari hili halijaona Florida hata kwenye postikadi."

"Utakuwa umekosea."

"Sawa. Nimekosea. Nichome wapi tena?"

"Marisol, mwanangu, hili gari nililiunda mimi. Kwa mikono hii."

Marisol alimtazama, akairudisha bisibisi mfukoni. Akalishusha gari. Akaenda kwenye kioo cha mbele, akaweka kidole penye namba.

"Soma mwenyewe ya kumi na moja."

Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba alama ya kumi na moja kwenye namba ya chesisi husema gari limetoka kiwanda gani. Kiwanda cha Dunmore kilikuwa herufi M. Leonard ndiye aliyekuwa bingwa wa kuisoma, alikuwa akisimama kwenye uwanja wa duka kubwa akichungulia vioo vya watu, Bernadine akimvuta koti, "Utafungwa wewe," naye akisema, "Letu. La Texas. Letu. Letu." Gari moja tu katika maisha yake hakulisoma, nalo ni lile alilolinunua.

Ya kumi na moja ilikuwa tarakimu 4. Kanada.

Leonard alifungua mlango wa nyuma, akapiga kiti ngumi mbili, akakinyanyua. Bata alikuwepo. Leonard akampitishia kidole gumba. Nta ikamganda kidoleni, laini, ya njano, mbichi. Ndipo akamtazama bata vizuri, kama alivyopaswa kumtazama siku ile kabla ya machozi. Alikuwa na mdomo wa bata, mabawa ya bata, na kofia imekaa upande kwa madaha. Bata wa Leonard walikuwa wakifanana na kiatu kilichokanyagwa. Huyu alikuwa amechorwa vizuri mno.

"Tennessee litafika?" aliuliza.

"Litafika kwa awamu," Marisol alisema. "Kwanza nusu ya mbele." Kisha akamwona uso wake. "Samahani, mzee. Usimpakie mama humu. Hata kwenda kanisani."

Ilikuwa Ijumaa. Leonard alilivutisha gari mpaka nyumbani, akamwacha Bernadine akiuliza maswali dirishani, akaenda ukumbini kwa miguu.

Mlangoni alikuwa Agnes Kulik, mjane anayeuza tiketi za samaki na ambaye hukumbuka dhambi za kila mtu isipokuwa zake. Akamkatia tiketi.

"Umekuja bila limuzini leo?"

"Limelala nyumbani. Agnes, Rollie amewahi kukuuzia gari?"

"Si lile la kijani! Lina bata wako chini ya kiti. Rollie alinionyesha."

Leonard akaegemea meza.

"La mwaka gani?"

Agnes akamtajia. Mwaka huo Leonard alikuwa amevunjika kiwiko, alikaa nyumbani mwaka mzima.

"Hata Ted wa posta lake lina bata," Agnes akaendelea, akilamba kidole na kuhesabu tiketi. "Na yule mwalimu wa kwaya. Kwani si wewe unayewachora? Sisi tulidhani mnagawana."

"Mlidhani nini?"

"Tulidhani ni biashara yenu wawili. Mtu kastaafu, anaongeza kipato, kuna ubaya gani?"

Nimefikiria sana kuhusu sentensi hiyo ya Agnes. Watu mia mbili waliomficha kwa msimamizi, waliokubali kukatwa posho kwa ajili ya bata, walikuwa wamekaa pale na sahani zao za kabichi wakiamini Leonard Pruski anawauzia kutu, na hawakumchukia. Walikuwa wamemsamehe kabla hajakosa. Angeweza kuvumilia ngumi. Msamaha huo ulimchoma mpaka kwenye mfupa.

Rollie alikuwa jikoni, mbele ya karai la mafuta, amevaa aproni yenye picha ya kamba-mti anayecheka.

"Kaka! Chewa au sangara?"

"Ni la Kanada, Rollie."

Rollie alitikisa kikaango mara mbili. Hakuuliza nini ni la Kanada.

"Kanada pia wanafunga viti vizuri," alisema.

"Chini hakuna kitu. Ni rangi. Ningempakia Bernadine humo. Maili mia sita."

"Hukuniambia Tennessee. Ulisema unataka Lakemont."

"Nilikuambia Jumanne tatu mfululizo! Tukicheza karata!"

"Kwenye karata mimi nasikiliza karata." Akageuza samaki. Uso ulikuwa mwekundu, huenda kwa moto. "Sasa nikuambie ukweli, Leonard, au unataka tupigane kwanza? Maana kupigana tutaumia viuno tu."

"Niambie."

"Ulikuja na sumaku. Ungeipitisha, usingelinunua. Nilijua huwezi kuipitisha ukimwona bata. Wewe hukununua gari, ulinunua bata. Nikakuuzia bata. Mzuri, si ndiyo? Nilijitahidi."

"Umechora wangapi?"

"Tisa. Kumi na wewe. Lenye bata linatoka siku ileile. Watu wanapenda kusikia kwamba palikuwa na mtu mwenye furaha mle ndani." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Sikudhani ungechungulia tena chini ya kiti. Nani anachungulia mara mbili?"

"Ulikuwa umesimama upande wa pili," Leonard alisema. "Miaka ishirini na miwili. Kila nilipomchora, wewe ndiye uliyekuwa upande wa pili."

"Ndiyo maana ninajua kumchora."

Leonard alitazama karai. Nadhani kwa sekunde moja alipima uzito wake. Kisha akasema anataka pesa zake. Rollie akamkumbusha ile karatasi iliyotiwa saini, yenye maneno matatu ya mwisho, "kama lilivyo sasa", akasema anaweza kumrudishia robo kwa ajili ya udugu. Watu kwenye foleni ya samaki walikuwa wamesogea kusikiliza. Leonard akawageukia, akingoja mtu mmoja aseme neno. Ted wa posta akakohoa.

"Lakini Leonard," alisema, "chini hukuangalia?"

Akarudi nyumbani kwa miguu. Usiku uleule alilivuta Lakemont kwa pikapu mpaka kwa Rollie, akaliacha limelala mbele ya mlango wa banda, akang'oa vibao vya namba. Nasikia liliuzwa tena kabla ya mwezi kwisha, kwa mtu wa Saginaw aliyeambiwa kwamba hilo lilikuwa gari la Leonard Pruski mwenyewe.

Zikabaki siku tisa. Marisol akapiga simu.

"Mzee, nina saluni hapa. Kubwa. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, nimeihudumia mimi tangu mpya, kila karatasi ninayo. Chini unaweza kulia chakula. Ila usikate simu."

"Kwa nini nikate simu?"

"Ni la Wajapani."

Leonard akakata simu.

Bernadine alikuwa amesimama nyuma yake, maana kukaa kulikuwa kunamuuma siku hiyo.

"Mpigie tena."

"Bernadine, mimi? Baba yangu alilala kwenye theluji siku arobaini kwenye mgomo. Unataka niende ukumbini niegeshe na mapipa ya taka?"

"Mgongo wangu haumo kwenye chama, Leonard. Haulipi ada. Mpigie."

"Watasema nimewasaliti."

"Wale?" alisema Bernadine, na neno hilo moja aliliacha hapo sebuleni likazunguka.

Akampigia. Akaenda na sumaku, tochi, kioo cha kunyolea ndevu na godoro la mazoezi la mkewe. Alilala chini ya gari lile saa mbili nzima. Alipitisha sumaku kila inchi, ikanata kila mahali kama mkopo. Alisoma alama ya kumi na moja akaitafuta kwenye kitabu cha Marisol: Kentucky. Liliundwa na watu wa Kentucky, waliokula nyama ya nguruwe na kwenda kanisani, maili chache kutoka njia ya Tennessee. Gari la nyumbani lilikuwa limetoka ng'ambo, na gari la adui lilikuwa limetoka nyumbani. Leonard alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akijaribu kumpata mtu wa kumkasirikia, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Mwisho akanyanyua kiti cha nyuma. Chini palikuwa patupu, pasafi. Akakirudisha. Kiliingia kwa mkono mmoja, bila goti.

"Kinaingia hivi hivi?" alimuuliza Marisol.

"Hivi hivi."

"Miaka thelathini na mmoja nilitumia goti."

"Labda waliobuni gari lenu hawakuwauliza nyie," alisema Marisol, si kwa ubaya.

Ijumaa Kuu wakaondoka alfajiri. Leonard alipita mbele ya ukumbi kwa sababu hakuna njia nyingine ya kutoka Dunmore, na waliokuwa wakishusha viazi wakasimama kutazama. Mmoja akapiga kelele: "Lina bata?" Wengine wakacheka. Leonard akaangalia mbele.

Walilala njiani, Jumamosi wakaendelea. Ohio ilipita, Kentucky ikapita na vilima vyake. Bernadine alikaa nyuma na mto pembeni, akasinzia, akaamka, akala yai, akasinzia tena. Tangu Oktoba hakuwahi kulala saa mbili mfululizo akiwa amekaa. Leonard alimtazama kwenye kioo. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, upande mmoja. Upande mwingine alikuwa akisikiliza. Alijua magari. Alijua mahali ambapo gari huongopa na kuanza kulia: nguzo ya mlango, kamba ya mkanda, bawaba ya buti, kile kipande cha nyuma ya kiti ambacho watu huharakisha saa ya chakula ikikaribia. Alizima redio. Alitafuta mashimo barabarani, akayapitia polepole, akiwa ametega sikio kama mume mwenye wivu.

Florentyna alikuwa amesimama barazani tangu asubuhi, na aproni, na nywele zilezile nyeupe. Bernadine akafungua mlango mwenyewe. Akageuza miguu, akaiweka chini, akasimama. Fimbo aliisahau kwenye kiti. Alitembea hatua zake zote mpaka kwenye ngazi, wima, na dada yake akalia vilevile, hivyo keki ikawa ya chumvi.

Shemeji yake Leonard, mume wa Florentyna, akaja mpaka dirishani akainama.

"Karibu, shemeji. Mbona hushuki? Limekuchosha?"

Leonard alikuwa bado ameshika usukani.

"Maili mia sita," alisema. "Halikulia hata mahali pamoja."

"Si vizuri?"

Leonard akageuka akakitazama kiti cha nyuma, kile kilichoingia kwa mkono mmoja, bila goti.